Miguu Ndani ya Sufuria

Ndugu msikilizaji, juma hili nakuletea habari za kwale aliyegunduliwa si kwa darubini, bali ndani ya sufuria.

Ilikuwa mwaka 1991, katika msitu wa Ndundulu, milima ya Udzungwa, mkoani Iringa. Watafiti kutoka Denmark walikuwa wamepiga kambi humo. Jioni moja, baada ya kula, waliona ndani ya sufuria miguu ya ndege wasiyemfahamu. Mboga ilikwisha kuliwa! Baadaye walimwona mwenyewe akiwa hai: mdomo mwekundu, miguu ya njano, kifua cha kijivu chenye madoa meusi.

Sasa, kumwona ndege ni jambo moja, kumjua ni jingine. Sisi tuliokulia Mufindi tukitega tanzi, kwale kwetu alikuwa kwale tu. Mtaalamu huuliza: ndugu zake ni nani? Madume ya kwale wengi wa Afrika wana mwiba nyuma ya mguu, kama jogoo. Huyu hana. Kwa umbo anafanana zaidi na kwale wa misitu ya milima ya Asia. Basi mwaka 1994 akatangazwa katika jarida la Ibis kwa jina Xenoperdix udzungwensis, yaani kwale mgeni wa Udzungwa. Hakuwa spishi mpya tu. Alifunguliwa jenasi yake mwenyewe.

Ndugu wako Asia, yeye yuko Iringa. Imekuwaje? Wataalamu wanaeleza kwamba mamilioni ya miaka iliyopita misitu iliunganisha Afrika na Asia. Nchi ilipokauka, misitu ikakatika. Hii ya kwetu ikabaki kama kisiwa, ikinyweshwa na mvua za Bahari ya Hindi.

Mambo hayakuishia hapo. Kwale wa namna hiyo alipatikana pia katika milima ya Rubeho. Mwaka 2003 aliitwa jamii ndogo ya yule wa Udzungwa. Mwaka 2005, baada ya vinasaba kupimwa, ikapendekezwa awe spishi ya peke yake.

Msikilizaji, aliyemleta ndege yule jikoni alijua anakopatikana. Sayansi ndiyo iliyochelewa. Lakini tanzi lile lile laweza kummaliza. Mboga nyingine tutapata. Kwale huyu akiisha milimani kwetu, hatuna pa kumwagiza.

Tukutane juma lijalo.