Sura ya 6: Kilo Zisizo na Kazi

Gari dogo linaloletwa Nairobi kutoka Japani hupoteza nguvu kabla fundi hajaligusa. Jiji liko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na kwenye kimo hicho kanieneo ya hewa ni takriban asilimia 83 ya ile ya Mombasa. Injini isiyo na tabo huvuta hewa pungufu kila pistoni inaposhuka, ikachoma petroli pungufu, ikatoa nguvu pungufu. Suzuki Swift Sport ya mfano wa ZC31S ilitoka kiwandani na nguvu-farasi 125 na uzito wa karibu kilo 1,060. Ikifika Buruburu, huko Eastlands, imebaki na farasi 104 hivi. Pwani kila farasi alikuwa akivuta kilo 8.5, Eastlands anavuta kilo 10.2, kwa sababu mwinuko umepunguza nguvu na kuuacha uzito palepale.

Kurudisha uwiano wa pwani kunadai farasi 21 zaidi, au kilo 180 pungufu. Hakuna lililo rahisi kati ya hayo mawili, ila la pili linapimika. Kichujio cha hewa kilichoachwa wazi na egzosi yenye mdomo mpana huongeza sauti kwa hakika na nguvu kwa kubahatisha, na vile vidude vya kuchomekwa kwenye soketi ya sigara vinavyouzwa kwa ahadi ya nguvu zaidi huwasha taa ndogo ya kijani na kuishia hapo. Kilo iliyotoka imetoka. Gari litaondoka haraka zaidi, litapinda kwa urahisi zaidi na litasimama mapema zaidi. Kwenye kilomita 120 kwa saa kila kilo ya gari hubeba nishati ya jouli 555, na breki hulazimika kuigeuza yote kuwa joto. Kilo 100 zikiondolewa, diski zinaepushwa na kilojouli 55 kila dereva anaposimamisha gari kutoka mwendo huo. Nairobi jambo hili ni zito kuliko pwani, maana hewa nyepesi hupoza diski polepole.

Kinachowazuia wengi kuanza ni imani kwamba gari jepesi halishiki barabara. Imani hii ina asili yake. Safari Rally ilianza 1953, na kwa miongo mingi magari yake yalionekana mitaani yakiwa yamefungwa vyuma vya mbele, tairi mbili za spea, matangi makubwa na bamba nene chini ya injini. Peugeot 404 ilishinda 1963, kisha 1966, 1967 na 1968, na watazamaji wakajifunza kwamba gari la mashindano ni gari lililoshiba. Lakini 404 yenyewe ilitoka kiwandani na uzito wa karibu kilo 1,100, ambao ni mdogo kuliko wa saluni nyingi zinazolala leo katika maegesho ya Donholm. Ilichokuwa nacho ni springi zenye mwendo mrefu na bodi isiyovunjika upesi. Vile vyuma vilikuwa bei iliyolipwa kwa ajili ya mawe, matope na ng'ombe katika maelfu ya kilomita. Mzunguko wa autokrosi, yaani mbio fupi za uwanjani, Jamhuri Park huisha kwa dakika chache, na ng'ombe hawaruhusiwi.

Hoja ya kifizikia ni fupi. Gari zito hukandamiza tairi zaidi, kweli, na msuguano huongezeka. Nguvu inayohitajika kuligeuza kwenye kona nayo huongezeka kwa kiwango hichohicho, kwa hiyo hapo ni suluhu. Kinachovunja suluhu ni mpira wenyewe: tairi ikiongezewa mzigo, mshiko wake huongezeka kwa kiwango kidogo kuliko mzigo. Gari zito ndilo linaloshindwa. Dereva anayesema gari lake jepesi "linapepea" kwenye Thika Road anasema kweli kuhusu jambo moja, kwamba upepo wa pembeni na lori linalopita hulisukuma zaidi. Mengine anayoyahisi karibu kila mara ni shoki zilizokufa, tairi kuukuu au alainimenti iliyopotea tangu shimo la mwisho.

Dawa ya kienyeji ya kupepea huko ni mfuko wa mchanga kwenye buti. Hesabu yake inafaa kufanywa mara moja tu ili isirudiwe. Mfuko wa kilo 50 ukiwekwa nusu mita nyuma ya ekseli ya nyuma, katika gari lenye mita 2.4 kati ya ekseli na ekseli, unaongeza takriban kilo 60 kwenye magurudumu ya nyuma na kuondoa 10 kwenye ya mbele. Swift, Vitz na Starlet huvutwa na kuongozwa na magurudumu ya mbele. Mfuko huo umepunguza mshiko pale unapohitajika zaidi, na kwenye kona kali utavuta mkia nje.

Uzito hutoka kwa njia tatu: bure, kwa jasho na kwa pesa. Utaratibu wa busara ni kuzimaliza kwa mpangilio huo.

Wa bure ni aibu kuuacha. Tairi ya spea, jeki na spana zake hukaribia kilo 20. Lita moja ya petroli ina gramu 740 hivi, kwa hiyo tangi la lita 40 lililojaa lina karibu kilo 30. Robo yake inatosha kwa vipindi kadhaa, mradi isishuke hadi pampu ivute hewa gari linapopinda. Kisha kuna muziki. Eastlands ni nyumbani kwa nganya, yaani matatu zilizopambwa na kujazwa muziki, na ladha ya nganya imehamia kwenye magari madogo: boksi la spika la ubao mzito, ampli mbili, betri ya ziada, yote nyuma ya kiti cha nyuma. Mzigo huo hufika kilo 40 bila shida. Mwenye gari huyo akiulizia boneti ya fiba anastahili kuonyeshwa buti lake kwanza.

Wa jasho ni viti vya nyuma, zulia na sponji iliyo chini yake, plastiki za buti, na mfumo wa kiyoyozi, ambao kompresa, kondensa na mabomba yake yana kilo 15 hadi 20. Gesi ya kiyoyozi hunyonywa na fundi mwenye mashine. Kukata bomba na kuiachia gesi hewani ni uharibifu na inaweza kuunguza ngozi kwa baridi. Chini ya zulia ndipo inapokutwa lami.

Lami hii inastahili nafasi kubwa kuliko kilo zake. Watengenezaji hubandika vipande vyake sakafuni ili kuua mtetemo, na katika gari dogo vyote pamoja mara nyingi havifiki kilo 10. Gereji nyingi huviondoa kwa moto wa gesi na patasi. Lami ikipashwa moto hulainika, ikanata kwenye patasi, ikanata kwenye mikono, ikatoa moshi, na rangi iliyo chini yake huungua pamoja nayo. Baada ya siku nzima sakafu huwa nyeusi na yenye mikwaruzo inayosubiri kutu. Njia sahihi ni kinyume kabisa, nayo ni baridi. Barafu kavu, yaani hewa ukaa iliyogandishwa, ina nyuzi 78.5 chini ya sifuri. Nchi inayo kwa wingi, kwani kampuni ya Carbacid imekuwa ikivuna hewa ukaa inayotoka ardhini upande wa Kereita kwa miaka mingi. Vipande huvunjwavunjwa na kutandazwa juu ya lami kwa dakika 10 au 15. Mara lami huanza kulia yenyewe, kwa milio midogo mikavu, kwa sababu inasinyaa upesi kuliko bati lililoishika. Ikigongwa kwa nyundo ndogo ya plastiki hupasuka kama sahani na vigae vyake huokotwa kwa mkono, rangi ikibaki ang'avu. Glavu nene ni lazima. Milango yote ya gari ni lazima iwe wazi, na kazi ifanyike uwanjani badala ya ndani ya gereji iliyofungwa, maana hewa ukaa ni nzito, hutulia chini na humlewesha mtu kabla hajajua. Ni kazi ya asubuhi moja, na hakuna kazi nyingine katika sura hii inayoridhisha kiasi hicho kwa kilo chache hivyo.

Uzito wa pesa huanza na rimu, na hapa ndipo penye uongo mwingi kuliko mahali pengine popote. Kauli inayosambaa kutoka kwenye maduka ya Kirinyaga Road hadi vituo vya kuosha magari Umoja ni kwamba kilo moja ya rimu ni sawa na kilo 10 za bodi. Si kweli, na ukomo wake unajulikana. Kitu kinachozunguka huhitaji nishati ya aina mbili, ya kusonga mbele na ya kuzunguka. Kama uzito wote wa gurudumu ungekuwa kwenye ukingo wa nje kabisa, unaogusa barabara, nishati ya kuzunguka ingekuwa sawasawa na ile ya kusonga, na kilo moja ingehesabiwa kuwa mbili. Kuzidi hapo haiwezekani. Gurudumu halisi lina sehemu ya uzito wake karibu na kitovu, kwa hiyo rimu na tairi pamoja huangukia karibu 1.6 au 1.7. Rimu zilizo nyepesi kwa kilo 4 kila moja zinaokoa kilo 16 kwenye mizani na kama 26 gari linapoongeza mwendo. Hizo ni faida nzuri. Hazikaribii 160.

Faida nyingine ya rimu nyepesi haimo katika mwendo kabisa. Gurudumu, breki na sehemu ya mkono wa springi havibebwi na springi. Tairi ikiruka juu ya tuta la vumbi, springi na shoki ndizo zinazolazimika kulirudisha gurudumu chini, na gurudumu jepesi hurudi mapema. Tairi iliyo hewani haina mshiko wowote. Kwenye autokrosi ya vumbi jambo hili lina thamani kuliko zile kilo 26.

Kwa hiyo rimu za inchi 17 zinazong'aa, zinazotiwa kwenye Vitz ya inchi 14 kwa sababu zinafanana na za picha, ni hasara iliyolipiwa. Kwa kawaida ni nzito, zimepeleka uzito wake mbali zaidi na kitovu, na zinabana tairi iwe nyembamba kiasi cha kupindisha rimu kwenye shimo la kwanza. Rimu iliyopinda ikishanyooshwa kwa moto kando ya barabara imepoteza nguvu iliyopewa kiwandani, na haifai kwa mbio hata ikionekana mviringo. Alama ya JWL iliyopigwa kwenye rimu ya Kijapani huonyesha tu kwamba ilitengenezwa kwa kiwango cha chini kinachokubalika. Uzito hauandikwi hapo. Hupimwa, na mizani ya muuza chuma chakavu Kariobangi inatosha.

Mizani hiyohiyo ifanye kazi kwa kila kipande kinachotoka, na matokeo yaandikwe. Mizani ya malori haisaidii sana, maana husoma kwa hatua kubwa mno kwa kazi ya kilo mbili-tatu.

Paneli za alumini huonekana kuwa rahisi kwa sababu mafundi wa Kamukunji na Kariobangi wanaufahamu ufuaji wa bati kuliko mhandisi yeyote. Alumini ina theluthi ya uzito wa chuma, na theluthi ya ukakamavu wake pia. Boneti ya alumini yenye unene uleule wa chuma hupepea. Inahitaji unene wa karibu mara moja na nusu, na hata hivyo bado ina nusu ya uzito. Bodi yenyewe isiguswe. Matundu yanayotobolewa kwenye nguzo za milango na maboriti ya sakafu huokoa gramu na kulegeza kitu pekee kinachofanya springi zifanye kazi.

Kizimba cha kumkinga dereva huongeza kilo 30 hadi 50, na hapo uzito hauna mjadala. Sharti ni mabomba ya chuma yasiyo na mshono, yaliyovutwa kwa baridi. Bomba la maji lililopakwa zinki, linalotumiwa kwa sababu liko dukani jirani na ni rahisi kupinda, lina mshono, halina kiwango cha nguvu kinachojulikana, na zinki yake ikichomwa hutoa moshi wa sumu na kuharibu kiungo. Kizimba cha bomba hilo hujikunja kikaelekea kwenye kichwa. Mkanda wa kiti, bampa na breki ya mkono navyo hubaki, kwa sababu gari litapita Jogoo Road kwenda uwanjani na kurudi, na NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, haitambui mbio kama sababu.

Baada ya kilo kutoka, gari halitakuwa lilelile. Gari la kuvutwa mbele huwa na zaidi ya asilimia 60 ya uzito wake mbele, na karibu kila kitu kilichotolewa, yaani viti, spea na spika, kilikuwa nyuma. Magurudumu ya nyuma sasa yatajifunga mapema kwenye breki. Betri ikihamishiwa buti, ndani ya boksi lililofungwa imara, hurudisha kilo 10 au zaidi upande wa nyuma, na pedi za nyuma zenye mshiko mdogo humaliza kilichobaki. Gari pia litakuwa limeinuka, kwani springi zilikusudiwa kubeba mzigo usiokuwepo tena. Tiba ya grainda, ya kukata koili moja na nusu, huishusha bodi na kuifanya springi kuwa ngumu zaidi, ilhali gari jepesi lilihitaji springi laini zaidi. Koili iliyobaki pia inaweza kuchomoka kitini gurudumu likining'inia hewani. Springi fupi zilizotengenezwa kwa uzito mpya ndizo zinazofaa. Presha ya tairi hushushwa kidogo, alainimenti hupimwa upya, na vipimo vyote huchukuliwa dereva akiwa amekaa kitini, petroli ikiwa ni ile gari litakayoingia nayo uwanjani.