BENDI NDOGO ZA KUSINI NA MATAMASHA MAKUBWA: MNAENDA KUVUNA NINI HASA?

Kuna swali limekuwa likizunguka sana vijiweni huku kwetu Kilwa, toka Masoko mpaka Kivinje, na washkaji wa Mchinga na Lindi mjini nao wananiuliza hilo hilo. Hivi bendi ndogo isiyo na meneja, isiyo na redio ya kuipigia debe, inaweza kweli kufika kwenye tamasha kama Sauti za Busara? Na ikifika, inarudi na nini mfukoni?

Jibu la haraka: kufika inawezekana kabisa. Kurudi na mshiko ndo shughuli, na kurudi mkiwa bado ni bendi moja ni shughuli kubwa zaidi. Leo nataka tulichambue hili taratibu, manake nimeona bendi za mtaani zikifa si kwa kukosa kipaji bali kwa kukosa hesabu.

TUANZE NA TAMASHA LENYEWE

Kwa wale wanaolisikia tu juu juu: Sauti za Busara linafanyika Zanzibar kila Februari. Taasisi ya Busara Promotions iliundwa 2003 na tamasha la kwanza likapigwa Februari 2004. Jukwaa kuu lake linalojulikana ni pale Ngome Kongwe, Mji Mkongwe, mkabala na Forodhani. Wanakuja watu wa Afrika nzima na wazungu kibao.

Sasa kitu cha kwanza ambacho wengi hawakijui: pale ni muziki wa kupiga laivu mwanzo mwisho. Hakuna kuweka CD au flashi halafu wewe unachezesha mdomo. Kama umezoea zile shoo za kupewa maiki na wimbo unapiga wenyewe nyuma yako, pale huna nafasi. Kwa bendi ndogo hii ni habari njema sana wadau. Ina maana staa mwenye video ya mamilioni lakini hawezi kusimama na wapigaji wake anaachwa, na nyie wenye magita mawili, tumba na kinanda cha kuazima mnaweza kuingia.

WANATAFUTA NINI?

Hapa ndo vijana wengi tunapotea. Tunadhani tukipiga kama wale wa Dar tutachaguliwa. Jiulize mwenyewe: mtu atoke Ulaya au Afrika Kusini aje Zanzibar kumsikiliza anayeiga kile anachokisikia kila siku kwao? Hawa watu wanataka kitu ambacho hakipatikani kwingine.

Angalieni mifano. Jagwa Music ni watoto wa uswahilini Dar, wanapiga mchiriku, ule muziki wa kinanda kidogo cha Casio kilichopigwa spika mpaka kinalia kama king'ora, na ngoma kali kwa chini. Hapa Bongo watu wa hadhi waliuona ni muziki wa kihuni. Lakini ndo hao hao walitoa albamu ya Bongo Hotheads kupitia kampuni ya Crammed Discs ya Ubelgiji, wakapanda ndege kwenda kupiga Ulaya. Wamwiduka Band nao ni watu wa asili ya Mbeya, walikuwa wanapiga barabarani na ala za kujitengenezea, ikiwemo babatoni. Na hao wakalifikia jukwaa la Busara.

Somo ni lipi? Utajiri wetu kusini hatujaufungua. Tuna ngoma za Wamwera, Wamakonde, Wangindo, Wamatumbi, Wamachinga, Wayao. Tuna nyimbo za jando na unyago ambazo midundo yake haiko kwenye kompyuta ya prodyuza yeyote (ila angalizo: yale ya ndani ya unyago yana wenyewe, ongea na bibi zako kwanza kabla hujayapeleka jukwaani). Majirani zetu wa Mtwara walishaliona hili, ndo maana kuna tamasha la MaKuYa, jina linalotokana na Wamakonde, Wamakua na Wayao, lililoanzishwa na shirika la ADEA mahsusi kwa ngoma za asili. Kwa bendi ya Lindi au Kilwa hilo ni darasa la karibu. Nenda hata kama mtazamaji tu, uone wazee wanavyomiliki uwanja bila umeme.

Na kama muziki wenu ni wa kompyuta, mfano singeli, msife moyo. Kuna Nyege Nyege la Uganda, lililoanza kule Jinja 2015. Lebo yao ndo ilitoa Sounds of Sisso mwaka 2017, mkusanyiko wa singeli ya Dar ambao uliwafungulia wenyewe milango ya Ulaya. Kila tamasha lina mlango wake, usigonge ukuta.

FOMU, PICHA NA VIDEO

Maombi ya matamasha makubwa hufungwa miezi mingi kabla. Ukisubiri kuanza kusikia matangazo ya Busara redioni ndo uombe, wenzako walishachaguliwa kitambo. Utatakiwa uwe na historia fupi ya bendi, picha safi, nyimbo mbili tatu zilizorekodiwa, na muhimu kuliko vyote, video mkiwa mnapiga laivu.

Video hiyo haihitaji drone wala magari ya kukodi. Simu moja nzuri, iwekwe sehemu isiyotikisika, mchana wa mwanga, karibu na wapigaji lakini mbali na spika ili sauti isipasuke. Pigeni wimbo mzima bila kukata. Faili likiwa zito usimalize bando lako la wiki, njoo kafe ulipandishe taratibu huku unasoma habari.

Halafu kuna karatasi mbili ambazo bendi nyingi za huku hazijawahi kuziandika. Moja ni orodha ya vyombo: nani anapiga nini, mnahitaji maiki ngapi, nini mnakuja nacho na nini mnategemea mkute. Ya pili ni mchoro wa jukwaa, nani anasimama wapi. Fundi mitambo anahudumia bendi nyingi kwa siku moja na muda wa kupima sauti ni mfupi. Bendi yenye karatasi inapata sauti nzuri. Bendi isiyo na karatasi inatumia wimbo wa kwanza na wa pili kumpigia fundi ishara za mikono.

SASA HESABU, TUSIDANGANYANE

Tuchukue bendi ya watu 8 wa Masoko. Hizi namba ni mfano tu, weka zako. Tuseme tamasha linawalipa Sh 2,400,000. Kila mmoja kichwani anapiga fasta: 2,400,000 gawa kwa 8, laki tatu yangu hiyo! Anaanza kukopa dukani.

Haya, basi kwenda Dar, ni zaidi ya kilomita 300. Kulala Dar usiku mmoja. Boti ya kwenda Unguja. Kurudi hivyo hivyo. Tuseme 120,000 kwa kichwa, jumla 960,000. Wiki tatu za mazoezi ya nguvu, kukodi vyombo na mafuta ya jenereta umeme ukizingua, 300,000. Harusi mbili mlizozikataa ili muwe safarini, kila moja 250,000, hiyo ni 500,000 ambayo hamkuipata. Jumlisha: 1,760,000. Kinachobaki ni 640,000, gawa kwa 8, elfu themanini kila mtu.

Laki tatu ya kichwani na elfu themanini ya mkononi, hapo katikati ndo bendi zinapofia. Mpiga solo anaamini kiongozi kala hela. Kiongozi anaona hana shukrani. Wiki mbili baadaye mpiga besi yuko Dar na bendi nyingine.

Kwa hiyo kabla ya kusaini ulizeni maswali manne. Je, nauli na malazi viko ndani ya malipo au pembeni? Chakula je? Hela inalipwa lini, kabla ya shoo au baada? Na je, kuna makato? Majibu yaandikwe. Kisha kiongozi aite kikao, hesabu yote isomwe mbele ya bendi nzima, kila mtu asaini. Ni karatasi moja tu ya daftari lakini inaokoa urafiki wa miaka kumi.

Na tusijione sisi ndo wa kwanza kuumizwa na sifa. Pwani hii toka enzi za beni, zaidi ya miaka mia moja iliyopita, makundi kama Marini na Arinoti yalishindana kwa mavazi, tarumbeta na karamu. Sifa tamu, lakini daima kuna mtu anaachwa na bili.

KALENDA YETU NA KALENDA YAO

Kitu kingine ambacho watu wa Dar hawakioni. Bendi ya kusini inaishi kwa msimu. Hela huku inatembea korosho zikishauzwa, kwenye Oktoba mpaka Desemba, na ufuta katikati ya mwaka. Hapo ndo harusi, ndo jando, ndo watu wanatuza wasanii mpaka noti zinadondoka chini. Agosti kuna Nane Nane pale Ngongo, Lindi, nako vijisenti vinapatikana. Korosho ikiyumba na sisi tunayumba. Mnakumbuka msimu wa 2018, serikali ilipoamua kununua yenyewe kwa Sh 3,300 kwa kilo na wakulima wengi wakasubiri malipo? Mkulima asiyelipwa haiti bendi.

Sasa Februari hela ya korosho imeshakata kwenye nyumba nyingi. Kwa hiyo ile nauli ya kutanguliza lazima mwiweke akiba Novemba, mkiwa bado mnaitwa itwa. Na kuna Ramadhani, ambayo inarudi nyuma kama siku 11 kila mwaka na miaka hii imeshauingia mwezi wa Februari. Mwezi Mtukufu bendi za pwani zinakaa kimya, hakuna harusi wala kipato. Mkitoka tamashani mnaweza kuingia moja kwa moja kwenye ukame wa mwezi mzima.

Barabara nayo msiichukulie poa. Kabla ya Daraja la Mkapa pale Rufiji kufunguliwa 2003 tulikuwa tunategemea pantoni, na safari ilikuwa ni kudra za Mungu. Sasa kuna lami, lakini Mei 2024 kipindi cha kimbunga Hidaya barabara ilikatika maeneo ya Somanga na kusini ikatengwa na Dar. Ondokeni siku moja au mbili kabla. Bendi iliyokwama njiani hairudishiwi muda wake jukwaani.

WIMBO NI WA NANI?

Sajilini bendi BASATA, na nyimbo zenu COSOTA, ile taasisi ya hakimiliki iliyotokana na sheria ya 1999. Najua mtasema ilikuwa inalipa kiduchu. Ni kweli: Januari 2022 mgawo wa mirabaha ulikuwa takriban Sh milioni 312 kwa wasanii zaidi ya 1,100, ambayo ukigawa kwa wastani haifiki laki tatu kila mmoja. Lakini kesi si hela ya leo. Siku mtu wa nje akiupenda wimbo wenu na kutaka kuutumia, swali la kwanza litakuwa nani mwenye nao. Kama mpiga kinanda ndo alileta melodi na mwimbaji akaleta maneno, andikeni hivyo mapema, mkiwa bado mnacheka pamoja.

HIVYO TWENDE AU TUSIENDE?

Mimi nasema nendeni, ila mjue mnaenda kutafuta nini. Elfu themanini si sababu ya kusafiri. Sababu ni kwamba Busara wanakuja pia waandaaji wa matamasha mengine kusaka bendi, na kuna vikao vyao vya Movers & Shakers ambapo wasanii na watu wa kazi hiyo wanakutana mchana. Bendi nyingi zinalala muda huo kwa uchovu wa usiku. Mtumeni hata mmoja, mwenye kuongea vizuri, akiwa na namba za simu na video kwenye simu yake. Ombeni pia kama mnaweza kupata picha na rekodi ya shoo yenu. Hiyo ndo video mtakayoombea kazi miaka miwili ijayo.

Na msitundike maisha kwenye tamasha moja. Hata Sauti za Busara lenyewe mwaka 2016 halikufanyika kwa kukosa fedha, likarudi 2017. Kama kubwa lile linaweza kukosa, nyie mkikosa nafasi mwaka huu si mwisho wa dunia. Harusi ya Jumamosi pale Kivinje bado ipo, na yule bibi anayewatuza elfu mbili mbili ndo mdhamini wenu wa kweli, manake hajawahi kuwaomba fomu.

Wenye bendi Kilwa, Lindi, Mchinga, Nachingwea: hela mnagawanaje? Kwa usawa, kwa chombo, au kiongozi anachukua zaidi? Mwageni maoni hapo chini, bila matusi, tujifunze kwa pamoja. Tuko pamoja wadau.