Akili Ni Nywele: Utangulizi wa Teknolojia ya Darasani na Akili Anuwai

Wahenga walisema akili ni nywele, kila mtu ana zake. Walisema nywele, hawakusema unywele. Nimelirudia jambo hilo mbele ya walimu tarajali kwa miaka mingi, maana makosa mengi yanayofanywa kwa jina la taaluma ninayokukaribisha leo yanatokana na kuusahau wingi ule. Mwalimu anasoma kwamba watoto hutofautiana kiakili, anafurahi, kisha anarudi darasani na kumgawia kila mtoto unywele mmoja: huyu wa kusikia, yule wa kuona, yule wa mikono.

Nilifanya hivyo mwenyewe. Katika miaka yangu ya mwanzo kazini niliwapa wanafunzi dodoso, nikawagawa makundi matatu kwa majibu yao, kila mmoja nikamfundisha kwa kile nilichodhani ni mtindo wake. Mtoto mmoja niliyemwandika kuwa ni wa kusikia alikaa wiki nzima akinisikiliza nikieleza sehemu za ua, bila kupasua ua hata moja. Kwenye mtihani aliombwa achore. Karatasi yake ilikuwa na maelezo mazuri, na pale pa mchoro pakabaki peupe. Kosa lilikuwa langu, na ndilo lililonirudisha vitabuni.

Kitabu kinachotajwa zaidi katika uwanja huu ni Frames of Mind, kilichotoka mwaka 1983. Mwandishi wake, Howard Gardner, ni mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani. Wanaokitaja ni wengi kuliko waliokifungua, nayo ni hasara, kwa sababu kurasa zake za mwanzo zingemgusa msomaji wa pwani yetu kuliko wasomaji wengi wa huko kilikoandikiwa. Gardner anatuomba tuwafikirie vijana watatu. Wa kwanza ana miaka 12, anatoka Puluwat katika visiwa vya Caroline, bahari ya Pasifiki, na wazee wamemteua ajifunze unahodha. Wa pili ni Muirani wa miaka 15 aliyehifadhi Kurani yote na kuimudu lugha ya Kiarabu. Wa tatu ni kijana wa Paris mwenye miaka 14, anayejua kuandika programu za kompyuta na ameanza kutunga muziki kwa kinanda cha elektroniki. Swali lake ni hili: mtihani wa saa moja wa kupima akili ungewaona vipi vijana hawa watatu?

Sisi tunawajua wawili wa kwanza kwa majina. Nahodha aliyetoka Lamu kwa nyota na pepo, na hafidhi wa chuo cha Kurani anayesoma juzuu baada ya juzuu bila kufungua msahafu, ni majirani zetu. Wa tatu naye sasa yupo, amekaa barazani na simu yake.

Gardner alikuwa amefanya kazi na wagonjwa waliojeruhiwa ubongo katika hospitali moja ya Boston. Aliona mtu akipoteza maneno huku muziki wake ukibaki mzima, na mwingine akipoteza uwezo wa kutambua njia huku maneno yakimtoka bila taabu. Kutokana na ushahidi wa namna hiyo, pamoja na habari za watoto wenye vipaji vya ajabu na za tamaduni mbalimbali, alipendekeza akili saba: ya lugha, ya mantiki na hesabu, ya muziki, ya maumbo na nafasi, ya mwili, ya kuwaelewa wengine, na ya kujielewa mwenyewe. Baadaye aliongeza ya nane, ya kuwatambua viumbe na mazingira yao. Kila mtu, kwa maelezo yake, anazo zote kwa viwango tofauti, nazo hufanya kazi pamoja. Nahodha hahitaji moja tu.

Nadharia hii ya akili anuwai ina wapinzani wenye hoja nzito. Tangu mwaka 1904, Charles Spearman wa Uingereza alipoonyesha kwamba mwanafunzi anayefanya vizuri katika somo moja huelekea kufanya vizuri katika mengine, wapimaji wa akili wamekuwa wakisema kuna uwezo mmoja wa jumla unaopita katika yote. Wengi wao hawaoni ushahidi wa kutosha kwamba akili za Gardner zinasimama mbalimbali kama alivyodai. Mimi naichukua nadharia yake kama taa ya kumulika vipawa ambavyo mitihani yetu haivitazami. Siichukui kama mizani ya kumpimia mtoto.

Mitindo ya ujifunzaji ni habari nyingine kabisa, ingawa katika warsha nyingi hufundishwa kama kitu kimoja na akili anuwai. Hapa dai ni kwamba mtoto ana njia moja anayoipenda, ya macho, ya masikio, ya kusoma au ya kutenda, na kwamba akifundishwa kwa njia hiyo ataelewa zaidi. Neil Fleming wa New Zealand alilipa dai hili umbo maarufu mwishoni mwa miaka ya 1980. Kufikia mwaka 2004, Frank Coffield na wenzake nchini Uingereza walihesabu mifumo 71 ya kuwagawa watu kwa mitindo. Mwaka 2008 wanasaikolojia wanne wa Marekani, wakiongozwa na Harold Pashler, walitafuta majaribio yaliyofanywa sawasawa ili kuona kama kulinganisha mafundisho na mtindo wa mwanafunzi kunasaidia. Hawakupata ushahidi wa kutosha kulitegemea dai hilo. Gardner mwenyewe, mwaka 2013, aliandika gazetini kwamba akili anuwai si mitindo ya ujifunzaji, akawasihi walimu waliache neno mitindo.

Nimekutana na walimu waliovunjika moyo kwa habari hii, kana kwamba wamenyang'anywa mtoto wao. Naomba wasubiri kidogo, maana utafiti ulioliangusha dai lile una ndugu yake aliyejenga kitu bora.

Mwaka 1971 Allan Paivio wa Kanada alieleza kwamba kumbukumbu huhifadhi neno na picha kwa njia mbili zinazosaidiana. Richard Mayer wa Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara, aliliendeleza wazo hilo kwa majaribio mengi. Mojawapo lilihusu pampu ya baiskeli. Waliosikia maelezo huku wakiona mchoro unaosogea walitatua maswali mapya kuhusu pampu vizuri kuliko waliopewa maneno peke yake. Faida hiyo haikungoja mtu awe wa kuona. Mchoro ulimsaidia mpenda maneno, na maneno yakamsaidia mpenda michoro, kwa kuwa kuelewa kulizaliwa pale viwili vilipokutana.

Mayer aligundua pia mambo yanayopaswa kubandikwa juu ya kila projekta. Kusoma kwa sauti maneno yaleyale yaliyoandikwa chini ya picha humlemea mwanafunzi kuliko kumsaidia. Vijihadithi na mapambo yasiyohusu somo, hata yakipendeza, hupunguza anachoelewa. Nimewahi kuonyeshwa programu ya hesabu ambamo sungura alicheza ngoma kila mtoto alipogusa jibu, hata jibu likiwa kosa. Watoto walimpenda sungura. Nilipowauliza swali walilolijibu lilikuwa lipi, hawakulikumbuka. Gardner naye amelalamika juu ya jambo linalofanana na hili: kupiga muziki chinichini watoto wakifanya hesabu, kisha kusema akili ya muziki imefundishwa.

Kazi ya teknolojia, basi, ni kulifungulia jambo moja milango mingi na kuwapitisha watoto wote katika milango kadhaa. Kiswahili kina bahati hapa, kwa kuwa mlango kwetu ni wa nyumba, ni wa kitabu, na ni wa bahari pia.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa Seymour Papert, mwanahisabati aliyezaliwa Pretoria, Afrika Kusini, mwaka 1928, akafanya kazi yake kubwa Marekani. Yeye na wenzake walitengeneza lugha ya kompyuta kwa ajili ya watoto, iitwayo Logo, mwaka 1967. Ndani yake mtoto anamwamuru kobe aende mbele, ageuke, achore. Mtoto anayetaka duara huambiwa kwanza asimame na kulitembea duara mwenyewe. Anagundua kwamba anapiga hatua fupi, anageuka kidogo, anarudia. Akimpa kobe amri hizohizo, duara linatokea. Mwili umefundisha hesabu, na mashine imeyapa maarifa ya mwili lugha ya kuandikwa. Sijaona maelezo bora ya kile tunachokitafuta katika taaluma hii.

Kwetu historia ya vifaa ilianza na redio. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Kenya ilijaribu kufundisha Kiingereza katika madarasa ya chini kwa vipindi vya redio vilivyoacha kimya cha makusudi ili watoto wajibu, waimbe, wasimame, wagusane. Ni kifaa cha sauti tu, lakini kiliuamsha mwili wa darasa zima. Tangu mwaka 2014, Ubongo Kids, katuni iliyotengenezwa Dar es Salaam, imefundisha hesabu kwa hadithi na nyimbo za Kiswahili ambazo hesabu yenyewe imo ndani ya wimbo. Huko Kenya, shirika la eKitabu limetengeneza vitabu vya kidijitali vyenye video za Lugha ya Ishara ya Kenya, na hapa suala linavuka mapendeleo. Kwa mtoto kiziwi, video ile ndiyo hadithi yenyewe.

Jaribio lingine kubwa lilifanyika mkoani Tanga, Tanzania. Katika shindano la Global Learning XPRIZE, watoto wapatao 2,700 katika vijiji 170, wengi wao wakiwa hawajawahi kwenda shule, walipewa vishikwambi vyenye programu za kusoma, kuandika na kuhesabu kwa Kiswahili, navyo vikachajiwa kwa umeme wa jua. Programu tano zilishindana kwa miezi 15. Mwaka 2019 zawadi ya dola milioni 10 iligawanywa kati ya washindi wawili, Kitkit School na onebillion. Mwanzoni zaidi ya asilimia 90 ya watoto hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Mwishoni idadi hiyo ilikuwa imepungua kwa nusu. Mimi nasoma matokeo hayo kwa furaha na kwa uchungu kwa pamoja. Sauti, picha, wimbo na kidole kinachofuata umbo la herufi viliwafikisha watoto wengi mahali ambapo hakuna mtu aliyekuwa amewafikisha. Lakini waliobaki nyuma nao ni wengi, na hakuna kishikwambi kilichoweza kumtazama mtoto usoni na kuuliza amekwama wapi.

Huko ndiko unakoingia wewe, mwalimu mwenzangu. Huenda una simu yako tu, au kishikwambi kimojawapo cha vile vilivyotumika kwenye Sensa ya Tanzania ya 2022 kisha vikagawiwa walimu, na darasa la watoto 70. Nikuonyeshe somo moja ambalo niliyaona matunda yake katika shule ya pwani: kujaa na kupwa kwa maji.

Somo lilianza wiki mbili kabla ya siku yake. Kila siku saa sita mchana, zamu kwa zamu, watoto wawili walikwenda na mwalimu kupiga picha ya nguzo ileile ya gati. Wengine walimrekodi mvuvi mzee akieleza tofauti ya bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, na maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo, na kwa nini hatoki na mtego wake wa dema siku fulani. Siku ya somo picha zilipitishwa haraka, moja baada ya nyingine, na nguzo ikaonekana ikizama na kuibuka. Kisha sauti ya mzee. Kisha uwanjani: mtoto mmoja akawa jua, mwingine dunia, wa tatu mwezi, kamba mikononi, mwalimu akirekodi kutoka juu ya ngazi. Mwezi mwandamo na mwezi mpevu, watatu wamesimama mstari mmoja. Mwezi ukiwa nusu, kamba imepinda pembe mraba. Mwisho lilikuja jedwali la vimo vya maji la mamlaka ya bandari, wakachora grafu.

Wote walipitia yote. Nilichongoja ni kile kilichotokea kwenye grafu. Msichana aliyekuwa mwezi aliweka kidole kwenye kilele cha mchoro, akasema, hapa nilikuwa nyuma ya dunia. Mvulana aliyemrekodi mzee akabisha kwamba bamvua lenyewe huja siku moja au mbili baada ya mpevu, maana babu alisema hivyo, wakarudi kwenye jedwali kuangalia. Babu alikuwa sahihi. Mtoto wa tatu, ambaye ni hodari wa hesabu na hajawahi kuvua, alitaka kujua kwa nini picha za saa sita hazikufanana, akagundua kwamba maji huchelewa kwa wastani wa dakika 50 kila siku. Gharama ya somo zima ilikuwa simu moja na kamba.

Kitabu hiki kimepangwa karibu kama somo lile lilivyokwenda, ila kinaanza na sauti, kwa kuwa ndiyo rahisi kuipata, kisha picha, kisha mwili, kisha namba, na sura ndefu kuliko zote ni ile ya kuviunganisha. Umeme, chaji na intaneti nimeviweka mwishoni, kwa watakaovihitaji. Kabla hujaifungua sura ya kwanza, mtafute mtu mzima mmoja wa mtaani kwako anayejua jambo lililomo katika muhtasari wako wa muhula huu, awe fundi seremala, mkunga au mkulima. Mwombe ruhusa, washa kinasa sauti cha simu, muulize swali moja, kisha nyamaza mpaka amalize.