Nile ya Magharibi kwa Wawili: Basi, Gari Lenu au la Kukodi?

Uganda haina bahari. Mume na mke wanaotamani safari ya barabarani yenye maji mapana upande mmoja na vilima vya mawe na miti upande wa pili watashauriwa haraka waende Mombasa au Tanga. Mimi ningewaelekeza kaskazini-magharibi. Mto Nile ukitoka Ziwa Albert huteremka hadi Nimule, mpakani mwa Sudan Kusini, na ng'ambo yake ya magharibi ndiyo West Nile, nchi ya Waalur, Walugbara, Wakakwa, Waaringa na Wamadi. Mkizunguka kutoka Kampala kupitia Karuma, Pakwach, Arua, Koboko na Moyo, mkavuka Laropi na kurudi kwa njia ya Gulu, mtakuwa mmeuvuka Nile mara nne: mara tatu kwa daraja na mara moja kwa feri. Sijui mzunguko mwingine Uganda unaompa msafiri mto kwa wingi huo kwa fedha ya mtu wa kawaida.

Shida ni jinsi safari yenyewe inavyouzwa. Kampuni za watalii huwapeleka watu Murchison Falls na kuwarudisha Kampala kana kwamba dunia inaishia Pakwach. Mabasi nayo huwapeleka Arua moja kwa moja, mengi yakisafiri usiku, kwa hiyo abiria anapita juu ya mto amelala. Wa kwanza amelipa sana akapata kipande. Wa pili amelipa kidogo, na kile alichokifuata kimempita gizani.

Tupige hesabu. Bei hupanda na kushuka, kwa hiyo nachukua makadirio ya kupangia tu. Nanyi wekeni bei za siku yenu. Tuseme lita ya petroli ni shilingi 5,000 za Uganda, gari linakula lita 10 kwa kilomita 100, na dola moja ni shilingi 3,700. Kampala hadi Arua ni karibu kilomita 500, na mzunguko mzima, ukiongeza michepuko midogo, ni kama kilomita 1,200.

Mkiwa na gari lenu, mafuta yatakuwa lita 120, yaani shilingi 600,000. Hiyo ni kabla ya matairi na vumbi la Yumbe, na fundi atakaporudishiwa gari atakuwa na lake la kusema kuhusu springi. Gari la kukodi Kampala, tuseme dola 50 kwa siku bila dereva, kwa siku 5 ni shilingi 925,000. Ongeza mafuta, mmefika 1,525,000. Njia ya tatu ndiyo watu wachache huifikiria: basi la mchana hadi Pakwach, mlale hapo, kesho yake mchukue gari la abiria hadi Arua na baadaye Koboko, na kutoka Koboko ndipo mkodi gari pamoja na dereva kwa kipande cha Yumbe, Moyo, Laropi na Adjumani. Kutoka Adjumani mnapanda basi la kurudi Kampala. Kwa nauli ya 60,000 kwa kila mmoja kwenda, 40,000 kwa kila mmoja kwa vipande viwili vya katikati, 50,000 kwa kila mmoja kurudi, gari la 200,000 kila siku kwa siku 2 na mafuta ya 200,000, pamoja na ya dereva kurudi kwao, jumla ni shilingi 900,000 kwa wawili.

Kwa hiyo gari lenu ndilo rahisi kuliko yote, mradi mnalo tayari na ni la kuaminika. Ambaye hana, asikodi Kampala. Tofauti ya zaidi ya shilingi 600,000 inatosha kulipia malazi ya heshima njia nzima, na ile sehemu ya kwanza ya safari, lami tupu kutoka Luweero hadi Karuma, haihitaji gari la kukodi hata kidogo. Fedha ya gari iwekwe mahali ambapo gari linaleta faida: barabara ya udongo, vilima, na kusimama mnapotaka.

Kuna jambo moja linaloweza kupindua hesabu hii, nalo ni hifadhi ya Murchison Falls. Bila gari, kuingia kwake ni gharama ya pekee. Kama wanyama ndio kiini cha safari yenu, endesheni wenyewe na muingie kwa lango la Tangi, jirani na Pakwach, kwa sababu ukanda wa kaskazini mwa mto ndio wenye tembo, twiga na nyati wengi. Tiketi huhesabiwa kwa saa 24. Mkiingia adhuhuri, mkalala ndani na kutoka kabla ya adhuhuri ya kesho yake, mmelipa siku moja na mmepata jioni na alfajiri, nyakati mbili ambazo wanyama huonekana. Raia wa Afrika Mashariki hulipa kwa shilingi, sehemu ndogo tu ya anacholipa mgeni wa mbali kwa dola, kwa hiyo bebeni vitambulisho vya taifa au pasipoti. Gari nalo lina ada yake, na malazi ya ndani ndiyo yanayokula bajeti. Kulala mjini Pakwach na kuingia asubuhi mapema kunapunguza gharama sana. Maporomoko yenyewe, pale Nile nzima inapobanwa kwenye ufa wa mita 7 hivi na kuanguka zaidi ya mita 40, nayaona yana thamani ya kila shilingi.

Lakini hata abiria wa basi hapati patupu. Barabara ya Karuma hadi Pakwach inapita kandokando ya hifadhi bila malipo. Hifadhi iko kushoto mnapoelekea Pakwach, basi ombeni viti vya kushoto wakati wa kukata tiketi. Karuma kuna nyani barabarani. Msiwatupie chakula, kwani ndicho kinachowaua chini ya magurudumu. Bwawa la umeme la hapo, la megawati 600, lilizinduliwa Septemba 2024, na mwezi huohuo daraja la Karuma lilifungwa kwa miezi kadhaa ya matengenezo, magari yakazungushwa. Ulizeni hali ya barabara kabla ya kulipa chochote.

Kuhusu basi la usiku sina maneno mawili: msipande. Watu husema unaokoa gharama ya kulala. Barabara ya Kampala hadi Gulu ina malori, mabasi yanayopitana kwa pupa, na giza. Oktoba 2025, katika wilaya ya Kiryandongo, ajali moja ya usiku iliyohusisha mabasi iliua makumi ya watu. Chumba cha shilingi elfu sabini hakilingani na hatari hiyo. Mchana mtakaa njiani saa nane hadi kumi, na mtayaona mnayopita.

Pakwach ni mji wa samaki. Kando ya barabara akina mama wamepanga samaki wa angara waliopasuliwa, wakatiwa chumvi na kuanikwa, wekundu wa kahawia kama ngozi ya viatu. Mmekuwa wateja wa mmoja wao mkimwambia tu, "Mama, fungu hili ngapi?" Atajibu bei ya kwanza, kisha: "Chukua mawili, mwanangu, nikupunguzie." Kabla ya kukubali, mpinde samaki mmoja karibu na mkia. Akikunjika taratibu bila kulia, bado ana maji ndani na ataoza kabla hamjafika Kampala. Aliyekauka sawasawa huvunjika. Nunueni mkirudi kama mnarudi kwa njia hii; kama mnakwenda kuzunguka, mfungieni kwenye mfuko wa nailoni mara mbili, la sivyo gari zima litanuka hadi Moyo.

Kitu kinachowapotezea wageni fedha ni kutojua mwinuko. Pakwach, Laropi na Adjumani ziko chini zaidi na joto lake ni la kulowesha shati; huko lipeni zaidi kwa chumba chenye feni inayofanya kazi na chandarua kisichotoboka. Arua iko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari na usiku wake una upepo. Kulipia kiyoyozi Arua ni kutupa fedha. Badala yake ulizeni kuhusu maji na umeme, kwani kwa miaka mingi West Nile haikuwa kwenye gridi ya taifa na kila hoteli ilizoea jenereta yake. Kaeni mbali nayo, chumba cha nyuma kikiwa upande wa jenereta hakuna usingizi. Arua, jiji tangu Julai 2020, ina vyumba vingi kwa sababu ya biashara ya Kongo na Sudan Kusini na mashirika yanayohudumia wakimbizi. Wageni wa semina hukaa siku za kazi, kwa hiyo Ijumaa na Jumamosi mna nguvu zaidi ya kupatana bei. Na mpatane kwa Kiswahili. Huku, kwa sababu ya jeshi, Wanubi na soko la Kongo, lugha hii inafungua milango kuliko ilivyo Kampala.

Chakula cha hotelini Arua ni kilekile cha kila mji: chipsi na kuku. Tafuteni kibanda kinachouza enyasa, ugali mweusi wa muhogo na nafaka, kwa kunde au samaki. Wawili mtashiba kwa bei ya sahani moja ya hotelini. Asali ya West Nile nayo ina sifa tangu zamani. Onjeni kwanza, na mkatae iliyo nyepesi kama maji.

Arua hadi Koboko ni kama kilomita 55 za lami, sehemu ya barabara ya kilomita 92 inayotoka Vurra hadi Oraba. Hapa kukodi gari ni kutupa fedha. Magari ya abiria yapo tele. Njia inapita mashamba ya muhogo na tumbaku, na vilima vinaanza kusimama peke yake. Karibu na Koboko kuna mlima Liru. Katika masimulizi ya Walugbara mababu wawili, Jaki na Dribidu, walizaa koo zote. Jaki alifia Liru na Dribidu Eti, mlima unaoitwa pia Wati, mashariki mwa Arua. Kuupanda Liru hakuhitaji tiketi ya hifadhi. Kunahitaji adabu: fikeni kwa mwenyekiti wa kijiji, ombeni kijana wa kuwaongoza, patanani naye kabla ya hatua ya kwanza, na muanze asubuhi.

Koboko yenyewe inatosha kwa nusu siku na usiku mmoja. Salia Musala, ambako Uganda, Kongo na Sudan Kusini zinakutana, ni jirani, na kishawishi cha kuvuka ni kikubwa. Kwa safari ya mapumziko sioni sababu. Bima, ruhusa ya mwenye gari la kukodi, kuendesha upande wa kulia wa barabara, na usalama unaobadilika, vyote vinageuza siku nzuri kuwa siku ya ofisini.

Kuanzia Koboko ndipo uzuri wenyewe unapolipwa. Barabara ya Koboko, Yumbe na Moyo, kilomita 100 na ushei, ilikuwa ya udongo mtupu kwa miaka na mradi wa kuitia lami ulipata fedha za Benki ya Dunia. Tegemeeni vumbi, michepuko na matingatinga. Jazeni tangi Koboko. Yumbe ndiko iliko Bidibidi, makazi ya wakimbizi yaliyofunguliwa Agosti 2016 na kukua yakawa miongoni mwa makubwa kabisa duniani. Hapo ni nyumbani kwa watu, basi kamera ibaki mfukoni, nanyi nunueni embe au chai kwa wenyeji kwa bei wanayotaja. Mbele yake ardhi inajikunja, miti inaongezeka, na baada ya Moyo barabara inateremka hadi Laropi chini ya mlima Otze, msitu ukiwa umejishikilia kwenye mawe. Kule ndiko ninakoona mto ukifanana zaidi na pwani. Karibu na hapo ni Dufile, ngome ya ukingoni ambako askari wa gavana Emin Pasha walipigana na Wamahdi wa Sudan mwaka 1888.

Feri ya Laropi ni ya serikali na haitozi chochote, si mtu wala gari. Mtu akiomba ada ya kuwapanga, msimpe. Dereva hubaki na gari, abiria wote hushuka na kupanda kwa miguu. Kijana wa feri huonyesha kwa viganja, sentimita kwa sentimita, hadi bampa linakaribia kugusa lori la mbele. Kisha anasukuma gogo chini ya gurudumu. Kina mama wenye vikapu husimama kivulini mwa malori, magugu ya maji yanapita, na ng'ambo inakaribia taratibu. Feri hufanya kazi mchana tu na malori hupanga foleni, kwa hiyo fikeni kabla ya saa nane mchana. Mkichelewa, itawabidi kulala upande wa Moyo na kulipia gari siku ya tatu.

Msimu nao ni bei. Mvua hukaa kuanzia Aprili hadi Novemba, nzito zaidi Agosti na Septemba, na udongo wa Yumbe ukilowa gari la chini halifai. Januari na Februari kumekauka lakini nyasi zimechomwa na moshi unaficha vilima. Mwisho wa Novemba hadi wiki ya kwanza ya Desemba kuna kijani na barabara imekauka. Baada ya hapo nauli za Krismasi zinapanda, na viti vya kushoto vinakuwa vimekwisha.