Utaalamu Usioandikwa Hupotea

Tarehe 25 Desemba, 2020, sehemu ya jumba la Beit al-Ajaib, lililojengwa na Sayyid Barghash mwaka 1883, iliporomoka wakati kazi ya kulikarabati ikiendelea. Watu wawili walipoteza maisha yao. Wananchi wa Visiwa hivi waliomboleza mara mbili: kwa ajili ya ndugu waliofariki, na kwa ajili ya jumba ambalo tangu enzi za mababu limekuwa la kwanza kuonekana na kila anayeingia bandarini. Hatukusudii katika safu hii kumnyooshea mtu kidole. Tunakusudia kuuliza swali moja tu: yale ambayo mafundi na wahandisi wetu wamejifunza juu ya majengo ya mawe na chokaa yameandikwa wapi?

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Utaalamu nao ni mali.

Fundi mzoefu wa Mji Mkongwe anajua kwamba ukuta wa mawe ya matumbawe uliojengwa kwa chokaa hufyonza unyevu kutoka ardhini na kuutoa nje taratibu. Anajua kwamba ukipigwa lipu ya saruji unyevu huo hunaswa ndani, chumvi hukusanyika, na lipu huanza kubanduka. Anajua pia kwamba wembamba wa vyumba vya kale uliamuliwa na urefu wa boriti za mikoko. Mhandisi naye anajua kwamba mchanga wa pwani wenye chumvi ukitiwa katika zege huleta kutu katika nondo. Kutu huvimba, na zege hupasuka. Lakini elimu hiyo ikibaki kichwani mwa mtu hufa pamoja naye, na ikibaki katika ripoti iliyofungiwa kabatini huliwa na mchwa.

Wenzetu walitambua jambo hili zamani. Mhandisi John Smeaton, alipojenga mnara wa taa juu ya mwamba wa Eddystone katika bahari ya Uingereza baina ya mwaka 1756 na 1759, alijaribu chokaa za namna mbalimbali, akagundua kwamba ile itokanayo na mawe yenye udongo wa mfinyanzi ndani yake hukauka na kushika hata chini ya maji. Hakuificha siri hiyo. Aliiandika katika kitabu kilichotoka mwaka 1791, na waliomfuata wakaendelea kutoka pale alipoishia. Mwaka 1918 Duff Abrams wa Chicago alichapisha matokeo ya majaribio yake, akaonyesha kwamba nguvu ya zege hutegemea uwiano wa maji na saruji. Leo msimamizi wa kazi huko Chake Chake anapomkataza kibarua kuongeza ndoo ya maji ili zege lilainike, anatumia elimu iliyochapishwa mbali, na mtu ambaye hakupata kumwona.

Hata hivyo, kuchapisha peke yake hakutoshi. Karatasi huvumilia kila neno. Ndiyo sababu Chama cha Wahandisi wa Ujenzi cha Uingereza, kilichoundwa mwaka 1818, kilipoanza kutoa kumbukumbu zake mwaka 1837, kilichapisha makala pamoja na mjadala wa wanachama walioyapinga au kuyaongezea. Majarida ya kitaaluma ya leo yamekwenda mbele zaidi. Makala yakifika, mhariri huyapeleka kwa wataalamu wawili au watatu wa fani hiyo, ambao kwa kawaida mwandishi hawajui. Hao huuliza: vipande vingapi vya zege vilivunjwa katika majaribio? Vilikuwa na umri wa siku ngapi? Mchanga ulitoka wapi, na chumvi yake ilipimwa vipi? Je, mwingine akirudia kazi hiyo atapata jibu lile lile? Mara nyingi makala hurudishwa yarekebishwe. Mara nyingine hukataliwa. Kazi hiyo huweza kuchukua miezi mingi.

Wapo watakaosema kwamba hiyo ni anasa ya wasomi wanaotafuta vyeo. Sisi hatukubali. Kosa likigunduliwa na mhakiki hugharimu wino. Likigunduliwa na paa hugharimu roho za watu. Wala wahakiki si malaika. Nao hukosea, na wengine hawajapata kuuona ukuta wa matumbawe maishani mwao. Lakini hiyo ndiyo sababu ya wataalamu wetu kuandika kwa wingi zaidi, ili siku moja makala yanayohusu visiwa yahakikiwe na watu wa visiwa.

Tunatoa tahadhari pia. Yapo majarida ya ulaghai ambayo hupokea fedha za mwandishi na kuchapisha lolote bila kulisoma. Yapo pia majarida ya heshima yanayotoza ada. Kwa hiyo kipimo si ada, bali uhakiki. Ofisa anayempandisha mtumishi cheo kwa kuhesabu makala bila kuuliza yalihakikiwa na nani, anawalipa walaghai kwa mkono wa Serikali.

Hapana budi basi hatua zichukuliwe. Kwanza, ripoti za ukaguzi wa majengo, magati na barabara, zisizo na siri ya Taifa, zifunguliwe kwa watafiti. Pili, kila mradi mkubwa wa ujenzi utengewe fungu dogo la kupima, kuandika na kuchapisha yaliyopatikana, yakiwemo yale yaliyoshindikana. Tatu, wahandisi wapewe muda wa kuandika, na mafundi waliowafundisha watajwe kwa heshima inayostahili. Si lazima kuanzia ng'ambo: Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina jarida lake la uhandisi, ambalo hapo awali liliitwa Uhandisi. Nne, kwa kuwa majarida mengi huandikwa kwa Kiingereza, muhtasari wa kila utafiti utolewe kwa Kiswahili na upelekwe kwa wajenzi wenyewe, kwani wao ndio wanaoshika mwiko.

Mji Mkongwe uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000. Dunia imekwisha kukiri kwamba majengo haya ni mali. Lililobaki ni sisi wenyewe kuifungulia mali hiyo daftari, na kuwaruhusu wajuzi walikague. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini atauzibaje ufa yule ambaye hakuandikiwa ulianzia wapi?