Fahamu: Kwa nini Raspberry Pi huganda katikati ya gemu

Kompyuta ndogo ya Raspberry Pi 4 ilitoka 2019 ikiwa na kasi ya gigahezi 1.5. Wapenzi wa gemu za zamani huipandisha hadi 2, kisha inaganda: picha imesimama, spika inakoroma sauti ileile. Wengi hulaumu joto. Lakini likifika nyuzi 80, kompyuta hii huanza kujipunguzia kasi yenyewe. Kwa hiyo kama tatizo ni joto, gemu huwa nzito kabla ya kuganda. Mimi huanza na umeme. Ukiona alama ya radi pembeni mwa skrini, volti zimeshuka chini ya 4.63. Achana na chaja ya simu, tafuta adapta ya volti 5.1, ampea 3. Radi haipo? Kwenye faili la config.txt rudisha kasi, yaani arm_freq, iwe 1500, ucheze tena. Ikitulia, panda megahezi 50 kwa 50. Ikiganda bado, jaribu kadi nyingine ya kumbukumbu.