Je, Wajua? Mtoto wa Goma na Pointi Tatu

Jonathan Kuminga, aliyezaliwa Goma mwaka 2002, alikuwa na miaka 19 tu alipotwaa ubingwa wa NBA, ligi ya mpira wa kikapu ya Marekani, na Golden State Warriors, timu iliyojijengea jina kwa mitupo ya pointi tatu. Lakini katika mchezo wa tano wa fainali hiyo ya 2022, Stephen Curry, mlengaji wao hodari kuliko wote, alirusha mitupo tisa kutoka mbali na yote ikakosa! Ulinzi na pointi 26 za Andrew Wiggins ziliiokoa timu: 104 kwa 94 dhidi ya Boston Celtics. Lakini timu ya Houston Rockets, iliyokosa vivyo hivyo mwaka 2018, haikuokoka. Katika mchezo wa saba wa fainali ya Kanda ya Magharibi walikosa mitupo 27 ya pointi tatu mfululizo, wakatolewa na Warriors haohao.